Marahaba ya Anaeli

Mkubwa hamwamkii mdogo shikamoo. Hilo analijua hata mtoto aliyeota meno jana. Kwa hiyo Anaeli, kijana wa miaka ishirini kutoka migombani juu ya Kikatiti, alipaswa kushtuka pale sauti ya kikongwe ilipotoka nyuma ya mlango uliofungwa na kumwambia, "Shikamoo, bwana." Hakushtuka. Alifurahi.

Tumsamehe kidogo. Tangu asubuhi alikuwa akiuzunguka mji wa Arusha na barua mfukoni. Saa nane mchana, kule bomani, Mzungu wa elimu angewahoji vijana watatu wa jimbo zima, na mmoja tu angepelekwa Makerere. Kilimani kwao hakuna aliyewahi kufika huko. Babake, mzee Elirehema, alikuwa ameuza kahawa ya msimu akamnunulia viatu vyeusi vya ngozi, mwenyewe akabaki pekupeku kama siku zote. "Chuo hakiingiliwi na matope," alisema.

Basi Anaeli akawahi mapema ili auone mji kwa macho ya msomi. Mji haukumwona yeye. Alimwamkia karani wa posta, karani akaendelea kugonga mihuri. Alimwamkia fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, fundi akamwuliza kama amepotea. Kufikia saa sita koo lilikuwa limemkauka kwa shikamoo alizozigawa bure. Alikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Viatu vyote vile, hata mtu wa kuvitazama hakuna!

Ndipo akakata njia kando ya Mto Themi, akapita mbele ya nyumba ya mawe yenye bati la kutu na mnyororo mlangoni. Hewa ya hapo ilinukia karafuu. Karafuu, katika mji unaonuka kahawa na ng'ombe!

"Shikamoo, bwana."

Anaeli akatoa kifua. "Marahaba," akajibu, kwa sauti nene kuliko yake.

Akaendelea na safari roho imetulia. Alivuka daraja, akapanda kilima, akauona mnara wa saa, akakunja kuelekea bomani, na mbele yake ikasimama nyumba ya mawe yenye mnyororo mlangoni. "Nimezubaa," alijiambia. Akarudi darajani, akahesabu kila kona kwa vidole. Nyumba ikamngoja palepale. Mara ya tatu alikimbia, huku akitukana kimoyomoyo mji, ramani na aliyejenga daraja, na alipokuwa akikimbia alisikia chini yake, karibu kabisa na vifundo vya miguu, kitu kikifuta vumbi kwenye viatu vyake, taratibu, kwa kiganja kikavu, fu, fu, fu, kama mtumishi anayempangusa bwana wake, na kila alipotazama chini hakuona mkono wala kitambaa, ila viatu viking'aa zaidi ya vilivyong'aa dukani, na harufu ya karafuu ikampanda puani hadi machozi yakamtoka, na alipoinua uso, ule mlango ulikuwa pua kwa pua naye.

"Ero! Kijana!" aliita mtu.

Ng'ambo ya njia, kwenye kivuli cha ghala la kahawa, aliketi mlinzi mmoja, mzee wa Kiarusha, shuka begani na fimbo magotini. Watu wa Themi walimjua mzee Parsimei kwa kulinda mchana na kuagua jioni.

"Ero, umepita hapa mara nne. Wewe natafuta nini?"

"Shikamoo, mzee. Natafuta boma."

"Boma iko palepale tangu Wadachi."

"Nalifuata, linanikimbia!" Anaeli nusura alie kwa hasira. "Saa nane naitwa kule. Nikikosa leo, Makerere ndiyo basi tena."

Mzee akanusa hewa. Sauti yake ikashuka. "Kuna mtu amekuamkia hapo mlangoni?"

"Kuna kizee humo ndani."

"Humo hapana mtu. Ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Ulijibu nini?"

Anaeli akaona haya. "Marahaba."

Fimbo ikamponyoka mzee. "Hiyo ni jini ya msafara," alinong'ona. "Ilikuja na tajiri ya pwani, ile ya pembe za ndovu. Tajiri ikafia humo, jini ikabaki bila bwana. Nyinyi watu ya shule, mnajua shikamoo ni nini?"

"Ni salamu."

"Ni nashika mguu wako. Imeomba kushika mguu, na wewe umesema vema, shika."

Wote wawili wakatazama chini. Kwenye ngozi ile nyeusi, kila kiatu kilikuwa na alama za vidole vitano virefu.

"Imeshika ngozi, haijafika nyama," alisema mzee. "Vua. Ondoka bila kugeuka. Ikikuamkia tena, nyamaza. Mtu itajibu, hiyo ndiyo bwana yake."

"Niingie kwa Mzungu pekupeku, kama mchunga mbuzi?"

"Basi kaa nayo."

Anaeli akavua, akiuma meno kwa uchungu. Nyuma yake alisikia, fu, fu, fu, lakini hakugeuka. Boma likamfikia kwa hatua mia mbili tu, saa nane kasoro dakika tano. Mzungu akatazama ile miguu, akaandika kitu. Vijana wawili wakacheka. Anaeli akajibu maswali yote kwa ghadhabu, na ghadhabu ikamfaa, maana hakubabaika hata kwenye moja.

Nyumbani aliwaambia kuwa viatu vimeibwa. Angesemaje? Kwamba alijifanya mzee mjini? Babake akasema, "Miguu imebaki." Aibu ikamchoma Anaeli, naye akaacha uongo ulale.

Barua ya Makerere ilikuja baada ya miezi miwili. Kilima kizima kiliimba kanisani. Asubuhi ya safari, mamake, Hanna, alikuwa ameshatangulia barabarani kulizuia basi, na mzee Elirehema alikuwa chumbani akifunga sanduku kwa kamba. Anaeli alisimama sebuleni akivaa koti. Harufu ya karafuu ikaingia kutoka migombani.

Kizingitini pameketi viatu vyeusi, vinang'aa, ncha zimeelekea ndani.

"Shikamoo, bwana."

Anaeli akaubana mdomo wake kwa viganja viwili.

"Marahaba!" alijibu mzee Elirehema kutoka chumbani bila kuinua macho, kama alivyojibu kila asubuhi tangu mvi zimwote. "Nani huyo? Karibu!"

Akatoka na sanduku begani, akaviona viatu. "Kumbe mwizi ametubu! Vaa, mwanangu, tutachelewa." Akatangulia kwa furaha, akapotelea katika njia ya migombani. Punde akatokea nyuma ya nyumba, amekunja uso. "Nani amehamisha njia?" Akaingia tena migombani. Akatokea tena nyuma ya nyumba, anahema. Chini barabarani, basi likapiga honi.

Alipotokea mara ya tatu, vumbi la vifundo vyake lilikuwa na alama za vidole vitano vitano.

"Vua, baba," Anaeli alinong'ona. "Vua upesi!"

Mzee akasimama, akaitazama miguu yake.

"Nivue nini, mwanangu?"