Taa Nyekundu Chini ya Kitambaa

Rhoda alipenda kufuma vitambaa. Alifuma cha televisheni, cha redio, cha jagi la maji, hata cha mgongo wa kochi. Majirani walimtania: ukikaa kwa Rhoda bila kusogea, na wewe utafunikwa.

Rhoda na mumewe Dunstan wanaishi Makuyuni, Korogwe. Wakwe zake, Mzee Eliasi na Bibi Shida, walikaa nyumba ndogo ya nyuma. Mzee alikata mkonge tangu ujana wake, na sasa moyo ulimsumbua. Bibi Shida alikuwa na pumu, na magoti yake mabovu. Pale nyumbani mtandao wa simu haushiki, mpaka upande barabarani.

Kwa hiyo binti wa wazee hao, Yusta, anayefanya kazi Dar es Salaam, aliwawekea waifai ya visanduku viwili. Kimoja kilikaa sebuleni kwa Rhoda, kingine chumbani kwa wazee. Cha sebuleni hupokea intaneti kutoka kwenye antena ya paani, halafu humrushia mwenzake.

"Baba akizidiwa, mama apige wasapu," Yusta alisema. "Wifi Rhoda atasikia palepale."

Siku moja ya usafi, Rhoda alikisukuma kisanduku cha wazee nyuma ya tranka la bati. Akakifunika kwa kitambaa kipya cheupe. Chumba kilipendeza, siwezi kukataa.

Kisha mchana mmoja Mzee Eliasi alishika kifua, akaanguka. Bibi Shida akampigia Rhoda. Kiduara kikazunguka tu kwenye kioo cha simu. Akapiga tena, kikazunguka tena. Akajaribu kuita, pumzi haikutosha. Akajikokota kwa magoti yake hadi uani.

Na Rhoda? Alikuwa sebuleni anatazama video za mapishi. Kwake intaneti ilikuwa kali kabisa. Alipochungulia nje akamwona mama mkwe uani, alikimbilia chumbani, lakini mzee alikuwa amekwisha kukata roho.

Kabla matanga hayajaanuliwa, alikuja jirani yao Siamanta. Huyu ni binti wa wafugaji wa Handeni, na kazi yake ni kufunga intaneti majumbani.

"Shikamoo, bibi. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Siamanta alitaka kutuma ujumbe kazini, lakini simu yake haikupata intaneti mle chumbani. Akatazama huku na huku. Akachungulia nyuma ya tranka, akainua kitambaa.

"Bibi, hii taa imekuwa nyekundu tangu lini?"

"Tangu Rhoda alipofanya usafi. Si ndiyo inafanya kazi? Televisheni ikiwaka nyekundu, ujue umeme upo. Kila nikifuta vumbi naiona, moyo unatulia."

Rhoda alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alimtazama Siamanta kama anayemwomba anyamaze. Siamanta alisita.

"Bibi, nisikudanganye," akasema. "Kwa hiki kisanduku, nyekundu ni kilio. Kinasema: umeme ninao, lakini mwenzangu simpati. Bati la tranka linazuia mawimbi. Na kitambaa kinaficha taa, tena kinakipa joto."

Rhoda aliweka sinia chini. "Jamani! Ni mimi! Ni mimi niliyemuua baba!"

Bibi Shida akamgeuzia mgongo.

Dunstan, aliyeingia aliposikia kelele, alilivuta tranka, macho yamemwiva. "Tufundishe," akasema. "Asife mwingine."

"Nyeupe iliyotulia, mambo ni salama," Siamanta alisema. "Ikipepesa, kinatafuta mwenzake, subiri kidogo. Njano, kinamsikia kwa mbali, kisogeze karibu. Nyekundu, mawasiliano hakuna. Taa ikizimika, tazama waya na umeme."

"Kila waifai ina rangi hizi?" Dunstan akauliza.

"Hapana. Kila kampuni na rangi zake. Soma kijitabu chake, au muulize fundi."

"Na tukiona nyekundu?"

"Angalia kwanza cha sebuleni. Kama taa yake ni nyeupe, tatizo liko huku. Ondoa vyuma, kisogeze, kichomoe, ngoja kidogo, chomeka tena. Kama taa zote mbili ni nyekundu, intaneti yenyewe imekatika, mpigie fundi kutoka barabarani. Na umeme ukikatika, visanduku hivi hulala. Bibi awe na kengele ya kuwaita. Halafu jaribuni kupiga kila siku, msingoje balaa."

Wakakiweka kwenye rafu dirishani, kikielekea nyumba kubwa. Taa ikapepesa, ikatulia. Nyeupe. Hakuna aliyefurahi.

Tangu hapo, kila asubuhi Bibi Shida alimpigia Rhoda. "Nyeupe," alisema, akakata. Neno lingine na mkwewe hakuwa nalo. Rhoda akaacha kufuma.

Masika yalipoanza, simu iliita mchana. Haukuwa wakati wake. "Rhoda..." Kisha mkoromo. Rhoda alikimbia pekupeku kwenye matope, akamwita Dunstan. Wakambeba mama kwa pikipiki hadi hospitali, yeye katikati, Rhoda amemshika kwa nyuma. Pumu ilikuwa imembana vibaya. "Mmemuwahi," daktari alisema.

Aliporudi nyumbani, Bibi Shida alilala akitazama rafu ya dirishani.

"Mama," Rhoda aliuliza kwa shida, "baba naye angepona?"

"Sijui, mwanangu. Hakuna ajuaye. Wewe uliifunika ile taa, na mimi niliiona nikatulia." Akamgeukia. "Nifumie kitambaa."

"Cha nini, mama?"

"Cha tranka. Limekaa uchi. Ila kisanduku usikiguse. Nataka nikione."

Rhoda akaenda kutafuta uzi wake, analia.