Lori Lililolewa Petroli

Maziwa hayana subira. Jua likipanda, yanaanza kuchacha. Kwa hiyo kila asubuhi Dereva na mkewe walizunguka na lori lao kuukuu, wakakusanya madebe ya maziwa ya majirani, wakayapeleka kiwandani.

Siku hiyo madebe yalikuwa yamejaa. Wakapita nyumbani kuchukua magunia ya kuyafunika yasipate joto. Dereva aliporudi kwenye usukani, lori likagoma.

Akavuta choki ya kuiongezea injini petroli. Akakanyaga pedali ya mafuta, pu, pu, pu, kama baba yake alivyomfundisha. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Lina kiu," akasema, akakanyaga tena.

"Kiu gani, baba watoto? Petroli inanuka mpaka huku!" Mkewe alikuwa nyuma, akilowesha magunia. "Na kiwanda walishasema, maziwa yakichacha tena wanatafuta lori jingine."

Dereva alishuka, akafungua boneti. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ilikuwa imelowa chapachapa, petroli inadondokea injini. Ndani palikuwa na kivuli. Akatoa kiberiti amulike.

"Weka chini hicho!"

Alikuwa kaka wa mkewe, fundi wa pampu za maji. Aliishi nyumba ya pili. Alikuja mbio, mswaki mdomoni.

"Shemeji, unataka kutuchoma? Au umemchoka dada yangu?"

"Nimelichoka lori."

"Lori halina kosa. Umelilevya." Fundi akachomoa waya wa betri. "Sikiliza. Ndani ya kabureta kuna kibakuli, na ndani ya kibakuli kuna boya. Petroli ikijaa, boya linapanda, linasukuma sindano, sindano inaziba njia. Ni kama boya la tangi la maji. Sindano isipoziba, petroli inafurika. Na wewe ukikanyagakanyaga, unazidi kumwaga. Mlevi hatibiwi kwa pombe."

"Sasa kwa nini isizibe?"

"Ama boya limetoboka likazama, ama kuna uchafu. Injini ipoe kwanza."

Wakangoja. Jua likafika kwenye bodi ya lori. Mke akamwagia magunia maji tena.

Hatimaye fundi akafungua kabureta. Akalitikisa boya sikioni. "Halina petroli ndani. Ni zima." Akaichomoa sindano. Kwenye ncha yake kulikuwa kumenata kipande laini cha manjano.

"Hii nini?" akauliza.

Dereva alikijua. Kifuniko cha tangi la petroli kilipotea zamani, naye akaziba mdomo wa tangi kwa sponji. Alijiona mjanja sana.

"Ni godoro," akasema taratibu.

"Godoro lipi?" mkewe akauliza. Kisha akashika kiuno. "Kumbe! Mie nalala kwenye shimo, tangi linalala pazuri!"

Fundi alicheka hadi akatema mswaki. "Petroli inaila sponji, shemeji. Vipande vinashuka na mafuta. Na chujio lako limechanika, kwa hiyo vinapita tu."

Akasafisha sindano na kibakuli. Akafunga chujio jipya kutoka kwenye sanduku lake la vifaa. Akazikausha plagi zinazotoa cheche, akafuta petroli yote iliyomwagika. Tangi wakalifunika kwa kipande cha bati, wakalikaza kwa waya. Ndipo akaurudisha waya wa betri.

"Choki isukume ndani. Kanyaga pedali mpaka chini, uishikilie hapo hapo ili hewa iingie. Usikanyagekanyage. Washa."

Mguu wa Dereva ulimwasha kukanyagakanyaga, lakini akaushikilia. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikatoa moshi mweusi, ikashika.

"Achia polepole!"

Kiwandani mpokeaji alifungua debe moja moja. Alinusa, akachota, akapima. Kwenye debe la mwisho alinusa mara mbili. Mke akashika mkono wa mumewe.

"Ni mazima. Mimineni," mpokeaji akasema.

Walipotoka hapo walinunua kifuniko cha tangi. Tangu hapo Dereva huliangalia chujio kila wiki, na injini ikigoma hunusa kwanza kabla ya kukanyaga. Kiwandani hawakulitaja tena lori jingine. Juzi mpokeaji aliuliza kama lori lao lina nafasi ya madebe ya ng'ambo ya mto.

Mke ndiye aliyejibu. Alisema ipo.