Birika la Maji ya Moto

Maji ya bafuni yalikataa kwenda. Yalituama sakafuni, ya kijivu, yakizunguka tundu bila kuingia, na katikati yake zilielea nywele ndefu nyekundu ambazo hazikuwa za mtu yeyote wa familia ile.

Wajih alisema ni za wageni waliotangulia. Ndiye aliyeichagua kambi hiyo ya msitu wa Ajlun, kwa picha za kwenye simu: hema jeupe la umbo la kuba linalong'aa, kitanda kipana, mialoni nyuma yake. Picha hazikuonyesha kwamba kuba limezibwa viraka kwa gundi, kwamba zulia linanuka mbwa aliyelowa, wala kwamba mlinzi, Abu Sari, hujibu kila lalamiko kwa "inshallah" kisha haonekani tena. Nibal, mkewe, alijikaza asiseme. Walikuwa wametoka Zarqa kuja kupumzika, na binti yao Jud, mwenye miaka sita, alikuwa na furaha tele, amekaa mlangoni anatafuna zeituni za chumvi kama wenzake wanavyotafuna peremende.

Alasiri, uvundo ulipozidi na Abu Sari hajatokea, Wajih alichemsha birika zima akalimimina tunduni kwa mkupuo mmoja.

Kwao watu hawafanyi hivyo. Mama yake, Hajja Tamam, hamwagi hata maji aliyochemshia mayai kabla ya kuomba ruhusa kwa sauti, "Dastur, enyi mliopo," ili wanaoishi chini ya ardhi wapate kuwaondoa watoto wao njiani. Wajih alikua akiisikia kauli hiyo kila siku, na kila siku akiicheka. Nibal alimsikia akimimina. Akatega sikio asikie neno lile, asilisikie.

Tundu lilipiga kwikwi, maji yakaenda yote. Kisha chini kabisa kikaanza kilio, chembamba, cha mtoto, na bafu zima likanuka nywele zilizoungua.

"Umesikia?" Nibal aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni hewa kwenye bomba. Usianze na wewe mambo ya mama."

Magharibi ilipokaribia Jud hakutaka kutoka bafuni. Nibal alimkuta amechuchumaa, sikio karibu na tundu, anaitikia kwa kichwa kama mtoto anayetumwa dukani.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mama yake huyu anayelia. Anasema mtoto wake ameungua mgongo. Ameniuliza mimi ni wa nani."

"Ukamjibu?"

"Nimemwambia mimi ni wa baba."

Nibal alimbeba Jud hadi barabarani kutafuta mtandao, akampigia mama mkwe. Hajja Tamam hakumgombeza mtu. Alisema aliyemwaga ndiye aombe radhi, yeye mwenyewe kwa kinywa chake, leo hii, na amimine maziwa baridi tunduni.

"Na asicheke, binti yangu," akaongeza. "Namjua huyo niliyemzaa. Asicheke."

Wajih alicheka. Alisimama mlangoni mwa bafu na pakiti ya maziwa, akasema, "Mtuwie radhi, majirani, hatukujua mna mtoto bombani," akamimina nusu, nusu nyingine akainywa. Kilio kikakoma papo hapo. Akamgeukia mkewe akamwuliza kama sasa ameridhika.

Nibal hakuridhika. Alimlaza Jud kifuani pake, akamfunga kwa mtandio kiunoni, na alfajiri alipofumbua macho mtandio ulikuwa umefungwa vilevile, fundo lilelile, na ndani yake hamna mtoto. Alitoka mbio bila viatu katika ukungu uliokuwa umeshuka mzito hata mialoni haionekani, akiita, na Wajih akiita upande wa pili, na Abu Sari, ambaye safari hii alikuja bila kuitwa mara mbili, akizunguka na tochi huku midomo ikimcheza, na kila walipoita jina la mtoto sauti nyembamba iliitika kutoka chini ya ardhi, mara chini ya miguu yao, mara chini ya gari, mara mbali kule bondeni, mpaka Wajih akashindwa, akarudi bafuni akapiga magoti kwenye sakafu ile chafu, akaomba radhi akilia, akaomba kwa jina la Mungu, akasema yeye ndiye mkosaji, wamchukue yeye.

Nibal akamwona Jud nyuma ya kuba, penye bomba la maji machafu. Alikuwa amekaa kimya, nguo kavu, na nyayo zake hazina hata chembe ya tope. Nibal alimkumbatia mpaka mtoto akaguna. Wajih alimshukuru Mungu kwa sauti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema mama yake alisema kweli. Waliondoka bila kunywa chai.

Njiani Nibal alimpa mtoto zeituni zake za chumvi. Alitia moja mdomoni, akaitema, akasema inachoma. Nibal akajiambia ni uchovu tu.

Hajja Tamam aliwangoja Zarqa, maji ya kumwogeshea mjukuu yakichemka jikoni. Aliinua sufuria, akamwaga kidogo kwenye karo akisema kama kawaida yake, "Dastur, enyi mliopo."

"Asante, bibi," mtoto akaitikia nyuma yake.

Sufuria ilimponyoka Hajja. Nibal alimvuta mtoto, akampandisha nguo mgongoni. Toka shingoni hadi kiunoni ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, mbichi.

"Jud wangu yuko wapi?" alinong'ona.

Mtoto alimtazama kwa huruma, akamshika mkono.

"Yuko chini, kwa mama yangu," akasema. "Baba alipopiga magoti, sisi tulikuwa tumeshapishana."