Aliyekataa Kupinduka

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata shemeji yangu Phelesia, lakini nilikuwepo, na nikiyasimulia bado nina hasira.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida ya mazishi huko Rangwe: maturubai, sufuria za wali, spika moja inayokoroma. Mimi na mke wangu Dolphine, dadake Phelesia, tulitoka Migori asubuhi, tukakuta kazi zimeshagawanywa, nami nikapewa viti. Hakuna aliyekuwa na haraka. Kitu kimoja tu kilikosekana, na kitu hicho kilikuwa maiti.

Levis, mume wa Phelesia, alikuwa amezama ziwani akitoka kisiwa cha Remba. Wenzake wote waliokuwa botini walipatikana, yeye hakupatikana. Waluo hawamwachi mtu wao majini bila kaburi. Mwili ukikosekana, tunda refu la mti wa yago huvikwa sanda na kulazwa kwenye jeneza. Huko kwao Levis, mzee huliita jina la marehemu, naye huja kukaa ndani ya tunda, kisha huzikwa kama mtu. Asipozikwa, hutangatanga, na nyumba yake haipati usingizi. Hilo ndilo lililotukusanya siku ile: Levis afike nyumbani, alale.

Phelesia hakutaka kusikia habari ya yago. Yeye hufundisha fizikia katika chuo kimoja Migori, na kwa muda mrefu alikuwa akiunda kamera ya joto isiyo na lenzi. Alinieleza mpaka nikaelewa, mimi muuza spea za pikipiki. Kamera ya kawaida huona mwanga, yake huona joto. Kioo cha kawaida hulizuia joto hilo, kwa hiyo lenzi yake lazima itengenezwe kwa madini adimu, na kuyapata ni balaa. Basi lenzi akaitupa. Alichukua kasha jeusi, akalitoboa tundu dogo kama la sindano, joto likapita hapo na kuchora picha upande wa ndani. Kila kitu kikipita tunduni hupinduka, kichwa chini, miguu juu. Kompyuta ndiyo huirudisha picha ikawa wima.

Levis alipopotea, tulilibeba kasha hilo hadi ziwani, Phelesia akitumaini kuona joto la mtu aliyekwama kwenye magugu maji. Tulirudi na picha za kijivu kama uji. Jua lilikuwa limeyapasha magugu yote sawasawa. Akabadilisha tundu, akabadilisha hesabu zake, uji ukabaki uji. Wazee wakachoka kungoja. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na nilimwelewa, maana hakuna kinachokera kama chombo ulichokiunda kwa mikono yako kukugomea siku unayokihitaji.

Kwa hiyo jeneza lilipowekwa sebuleni, alilitega kasha lake juu ya stuli, mkabala nalo. Alitaka ukoo mzima uone kwamba unazika tunda baridi. Mzee Osir, baba mdogo wa Levis, alidhani ni kamera ya kumbukumbu tu, akapita kando yake. Akainama juu ya jeneza, akaita kwa sauti ya chini, mara tatu: "Levis, bi dala." Levis, njoo nyumbani. Kifuniko kikashushwa. Tukazika, tukala.

Alasiri nikikusanya viti, Phelesia aliniita ndani. Nilimkuta mbele ya kompyuta, macho makavu, amekunja uso.

"Shem, hii kitu imeharibika tena," akasema. "Hebu ona."

Kwa kweli ilikuwa picha safi kuliko zote alizowahi kunionyesha. Jeneza lilikuwa jeusi, baridi, kama alivyotabiri. Nyuma yake waombolezaji walisimama, nyuso zinang'aa kwa joto. Katikati yao mtu mmoja alikuwa kichwa chini, miguu juu.

Nilimwambia aipindue. Akaipindua. Watu wote wakawa kichwa chini, na yule mmoja akasimama wima, mikono imening'inia, anatutazama. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Levis aliwahi kuanguka na pikipiki, na bega lile halikurudi sawa.

Phelesia alisahau kukasirika. Sauti yake ilishuka. "Kila kitu kiko nje lazima kipinduke kikipita kwa tundu. Huyu hajapinduka."

"Maana yake?"

"Hakupita kwa tundu, shem. Ako ndani."

Kasha lilikuwa bado juu ya stuli, limezimwa. Nililigusa. Lilikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye malaria.

Tulimwita Mzee Osir. Aliitazama picha, kisha akalitazama lile tundu kwa muda mrefu.

"Nyar Kanyamkago," akasema, akimwita kwa ukoo wa kwao Migori, "hii sanduku yako ilikuwa wazi nikimwita?"

Phelesia aliitikia kwa kichwa. Nilitamani mzee amgombeze, angalau tungekuwa na mtu wa kulaumu. Hakumgombeza. Alieleza kwa uchovu kwamba anayeitwa kutoka majini huja bila kuona, akipapasa mahali pa kuingia. Tunda lilikuwa limeviringishwa sanda. Kando yake palikuwa na nyumba tupu, yenye giza, na mlango wazi. Tulikuwa tumezika tunda tu.

Akaamuru kaburi lifukuliwe na kasha lilazwe pamoja na yago kabla jua halijatua. Phelesia alibebe mwenyewe, na alizibe tundu kwa kidole chake, kwa sababu mume hawezi kuusukuma mkono wa mkewe. Selotepu ilikuwa pale pale mezani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama.

Kutoka mlangoni hadi kaburini si mbali. Phelesia alitembea polepole, kidole gumba kimekaza juu ya tundu. Nilikuwa kando yake. Alisimama.

"Anapumua," akanong'ona.

Akaendelea. Akasimama tena. Maji yalikuwa yakichuruzika chini ya kidole chake. Machache. Yalinuka ziwa. Aliuma mdomo. Hakuondoa kidole.

Jeneza likafunguliwa. Tunda lililochumwa jana yake lilikuwa limesinyaa na kukauka. Phelesia alipiga magoti, akaliweka kasha, akatoa kidole. Kifuniko kikashushwa, udongo ukaanza kuanguka haraka.

"Limekuwa baridi," akasema. "Shem, mbona limekuwa baridi?"

Kila mtu alikuwa anataka kumaliza na kwenda kwake.

Akinawa mikono, ndipo alipokiona. Kwenye ncha ya kidole gumba palikuwa na alama ya kuungua, ndogo kama jicho la dagaa omena. Aliposimamisha kidole, niliipiga picha kwa simu na kuikuza. Ilikuwa mtu. Bega moja chini kuliko lingine. Kichwa chini, miguu juu.

Amepinduka. Amepita tunduni.

Tumezika mara mbili, na mara zote mbili tumezika kitu kitupu. Daktari mmoja wa Homa Bay alisema ni kuungua tu, akampa dawa ya kupaka. Dawa imeisha, alama haijaisha. Imekua, na imehama. Jumapili iliyopita Phelesia alitutembelea Migori, akavuta mkono wa sweta tuone. Levis alikuwa ameshavuka kifundo cha mkono, kichwa kimetangulia, anaelekea kwenye kiwiko.

Nilipandisha sauti. Nikagonga meza. Nikamwambia tunaondoka sasa hivi kwenda kwa Mzee Osir, na kwamba mtu akishakufa haachiwi aondoke na mwingine. Dolphine alikuwa analia. Phelesia aliishusha ile sweta taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala.

"Shem," akasema, "si nyinyi mlimwita dala? Basi mwacheni afike."

Aliondoka bila kumaliza chai. Pale mezani alipouegemeza mkono pamebaki unyevu mdogo. Dolphine hupapangusa kila asubuhi, na jioni tunakuta pameloa tena, pananuka ziwa.