Mutindi na Mtu wa Miche

"Hizo za buluu," Mutindi alisema bila kushuka garini. "Nipe sita."

Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, barabara ya kuingia mjini Machakos imejaa malori na mikokoteni, na miche ya maua imepangwa kando ya lami mpaka karibu ikanyagwe. Mwenye kitalu, mwanamume mrefu mwenye gambuti za matope, alitazama kule alikoonyeshwa, kisha akamtazama mteja wake: gauni jeupe la kitani, kucha nyekundu, miwani ya bei.

"Hizo ni haidrenjia. Unakaa wapi, madam?"

"Inakuhusu nini?"

"Mimi hainihusu. Inahusu haidrenjia. Kama ni Limuru, chukua. Kama ni hapa kwetu, zitakufa."

Mutindi alivua miwani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na duka lake la dawa mjini, na nyumba mpya ya kuta nyeupe huko Mumbuni aliyoijenga bila kusaidiwa na mtu. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wameze nini na saa ngapi, si kuambiwa. Majirani aliwadharau wote: mmoja alitandika nyasi za plastiki mbele ya nyumba na kuzifagia kila asubuhi, mwingine alipanda sukuma wiki mpaka mlangoni. Sasa hata mwenye gambuti anataka kumfundisha!

"Kazi yako ni kuuza ama kutabiri?"

"Ni kuuza. Lakini usije ukanipigia simu ukilia."

"Mimi? Nikulilie wewe?" Alitoa kicheko kifupi cha puani.

Hata hivyo, alichukua zote sita, na namba yake ya simu.

Wiki ya tatu alipiga. "Umeniuzia maiti!"

"Niaje, madam. Nilikuuzia zikiwa hai. Wewe ndio umeziua."

Alikuja jioni hiyo hiyo. Jina lake Kisilu. Hakuuliza habari ya haidrenjia, zilizokuwa zimekauka kama tumbaku. Alikinga maji ya kisima kwenye kiganja, akayaonja, akatema. Akaegemeza mkono kwenye ukuta wa upande wa magharibi na kuutoa upesi.

"Maji ya chumvi. Ukuta unachoma kama jiko. Na wewe ukapanda kitu cha kivulini." Akatikisa kichwa. "Watu wenye pesa huchagua maua kama vile wanachagua rangi ya kochi."

"Na watu wa miche huongea sana."

"Hapa ukutani, bogainvilia. Ukitaka buluu, plumbago pale kwa uzio, hiyo haijali jua. Kwa vyungu, waridi la jangwani."

"Na waridi la kawaida?"

"Nimekata waridi miaka saba kwa zile shamba za nailoni za Athi River, za maua ya kuuzwa ng'ambo. Tulikuwa tunazikata kabla hazijafunguka. Nisikuone nazo."

Alichimba mashimo siku mbili, akayajaza samadi ya mbuzi, na Mutindi akasimama kivulini akimkosoa kila jembe lilipopanda. Alipoondoka, nyumba ilikuwa kimya kwa namna iliyomkera.

Simu zikaanza. Kwanza za kazi.

"Umemwagilia bogainvilia tena?"

"Kidogo tu."

"Ndio maana inatoa majani matupu. Usiibembeleze. Iache ione kiu, itoe maua."

"Wewe ni mkatili."

"Na wewe umeanza huruma lini, mwendwa?"

Neno hilo la Kikamba, mpenzi, lilikuwa limemtoka. Hakuna aliyekata simu. Tangu siku hiyo Kisilu alipita Mumbuni kila jioni, na si kwa ajili ya mimea. Mutindi alimcheka viatu, akamcheka Kiswahili chake, akamcheka alivyokula ugali kwa haraka, na kila alipomcheka alimpakulia tena.

Mwezi wa tano bogainvilia ililipuka, nyekundu ukuta mzima. Jumapili moja Mutindi aliwaalika wanawake aliosoma nao chuoni kwa chakula cha mchana. Pauline, mwenye kampuni yake Nairobi na wigi la mpaka kiunoni, alikuwa akipiga picha maua yale Kisilu alipoingia getini. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na amekumbatia chungu cha waridi la jangwani. Ilikuwa zawadi.

"Na huyu?" Pauline aliuliza.

Mutindi aliwaona wote wakigeuka. Shingo yake ikapata moto.

"Huyu ni kijana wa maua," alisema. "Pitia jikoni, utapewa chai."

Kisilu aliweka chungu chini. Akaenda jikoni. Akanywa chai yote, akaosha kikombe, akakifunika, akaondoka bila kuaga.

Hakushika simu tena. Mutindi alipiga mara nyingi, kisha akakasirika. Mtu wa miche kumnunia yeye! Basi alikuwa anaitaka nyumba tu, alijiambia, kama wanaume wote. Alijiambia hivyo wiki sita nzima, akikonda.

Ndipo Pauline alipopiga simu. "Dia, yule kijana wako wa maua, nitumie namba yake. Nataka anilimie kwangu."

"Anaitwa Kisilu."

"Nani?"

"Huyo kijana. Ni mpenzi wangu, Pauline. Siku ile niliwadanganya."

Pauline alitoa kicheko kifupi cha puani. "Wewe? Na mtu wa miche?"

Mutindi alikifahamu kicheko kile. Kilikuwa chake, alikuwa akikicheka kila siku. Alikata simu, akafunga duka la dawa saa tano asubuhi, akaenda kitaluni.

Kisilu alikuwa akimhudumia mama mmoja aliyeshika mche wa lantana. Hakuinua kichwa.

"Madam. Leo tukupe gani?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Hiyo sina. Niko na plumbago."

"Kisilu, nilikuonea haya. Mbele ya watu ambao siwapendi hata kidogo, nilimkana mtu ninayempenda. Nimemwambia Pauline ukweli."

"Ile chai nilikunywa yote, unajua? Nikaosha kikombe. Nikasema hata mate yangu yasibaki kwa huyu mwanamke." Sauti yake ilikuwa kavu, ila udongo aliokuwa akiujaza kwenye chungu ulimwagika chini.

"Nilistahili."

"Ulistahili zaidi ya hiyo."

"Basi ongeza. Nimesimama hapa."

Alimtazama muda mrefu. Mama wa lantana akachoka. "Mwanangu, msamehe ama mfukuze, jua linaniua."

Kisilu alicheka bila kupenda. Akafuta mikono kwa suruali.

"Mama yako anakaa Masii, sivyo? Jumamosi nitaenda kwake na mjomba wangu, na mbuzi watatu wa ntheo. Si kwako, kwake. Yeye hajanituma jikoni bado."

Mutindi alijua mbuzi wa ntheo ni wa kuposea. 

"Hujaniuliza kama nataka."

"Unataka?"

"Nataka. Lakini chagua wanono, Kisilu. Mama ana dharau kunishinda."

"Kukushinda wewe?" Alimgeukia yule mama wa lantana kwa hofu ya kweli. "Basi heri niongeze wa nne."