Nakutaja Mbele za Watu

"Naliaka! Kumbe ni Kiragu! Wasikilizaji, mmesikia hiyo jina?"

Virginia, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, alikuwa akipiga makofi ndani ya studio ya redio katikati ya jiji. Mbele yake Naliaka alikauka na vipokea sauti masikioni. Wimbo ulikuwa wake na sauti yake, lakini jina lile la meneja wake hakuliweka yeye.

Wimbo wenyewe, "Nakutaja", ulitolewa kuinadi albamu ya vibao vyake kumi na viwili vilivyovuma zaidi. Gitaa la vyote kumi na viwili lilipigwa na Zadock, mpenzi wake wa miaka saba, na hakuna hata kimoja kilichomtaja. Meneja Kiragu alikataza: eti msanii wa kike akijulikana ana mtu, mashabiki humkimbia. Mwezi uliopita Zadock alichoka.

"Umetaja wadosi wenye pesa, ma-DJ, hadi mwenye kinyozi," alimwambia. "Mimi ndio aibu? Ukikosa kunitaja kwa hii ya kumi na tatu, mimi narudi kwetu Kimilili."

Naye alimtaja. Aliimba akilia: "Nakutaja mbele za watu, ni wewe, Zadock." Kisha, kama kawaida yake, hakuusikiliza tena. Naliaka na imani zake za mikosi! Kwake, kuusikiliza wimbo wako kabla haujapigwa redioni ni kuutilia nuksi. Kiragu alilijua hilo vizuri sana.

Simu ilitetemeka mapajani: ujumbe wa Zadock.

"Nimeskia. Hongera na Kiragu wako. Napanda basi ya saa sita. Usinitafute."

Alipiga. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa."

Matangazo ya biashara yalipoanza alimgeukia Kiragu, aliyekuwa pembeni akichekelea simu yake.

"Kiragu, umefanyia nini wimbo yangu?"

"Relax. Siku ya kurekodi si ilikuwa birthday yangu? Nikakuomba uimbe hiyo line na jina yangu. Producer aliibandika tu."

"Ile ilikuwa mchezo! Zawadi!"

"Na imeuza. Saa hii tuna-trend. Watu wanataka story, msanii na meneja wake. Huyo mpiga gitaa wako angeuza nini?"

"Na mimi, hukuniuliza?"

Kiragu alishusha sauti. "Nilidhani ukijisikia ukiniita hivyo kwa redio, siku moja utaniita hivyo kwa ukweli. Naliaka, ukinikana hapa, albamu imekufa. Fikiria."

Taa nyekundu iliwaka.

"Tumerudi! Haya, Naliaka, Kiragu ni nani kwako?"

Aliogopa, tena sana. Miaka saba alikuwa amenyamaza ili nyimbo ziuze, na sasa yule aliyenyamaziwa alikuwa anafunga begi.

"Alikuwa meneja wangu," alisema. "Hiyo jina imebandikwa. Virginia, zima hiyo track, niimbe vile niliimba."

Akaimba bila ala, sauti ikimkwaruza, hadi akafika kwenye jina la Zadock. Kiragu alitoka akaubamiza mlango.

Lakini kumtaja mtu aliyezima redio ni kumpigia mbuzi gitaa. Naliaka alidandia bodaboda hadi kwa Zadock mtaani Mountain View, akakuta kufuli mlangoni.

"Amebeba gitaa na begi," alisema Mama Waithera, jirani. "Ameenda kungoja basi hapo Kangemi. Hata chai yangu amekataa. Kimbia, mami!"

Alikimbia, viatu mkononi. Alimwona ng'ambo ya barabara kuu ya Waiyaki Way, gitaa mgongoni, na basi la Kimilili tayari linapunguza mwendo. Katikati magari yalipita bila huruma.

"Zadock!"

Hakugeuka.

"Zadock, si mimi! Waliibandika!"

Malori yakaimeza sauti yake. Basi likasimama. Naliaka hakubakiwa na kitu kingine, akaimba. Aliimba kwa nguvu zote, machozi na kamasi usoni: "Nakutaja mbele za watu, ni wewe, Zadock!" Sauti ilimpasuka katikati ya jina, ikatoka nje ya tuni.

"Si huyo ni Naliaka?" mama mboga alishangaa. Simu zikatolewa mifukoni, moja baada ya nyingine. Naliaka hakujificha uso.

Zadock aligeuka, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya basi.

"Boss, unapanda ama hupandi?" alifoka kondakta.

Zadock alishusha mguu, kisha begi. Katika miaka saba ya mazoezi, kila Naliaka alipokosea, Zadock alikuwa na neno moja tu kwake, na alilisema bila kucheka. Sasa alilipaza juu ya magari, huku akilia wazi wazi:

"Umetoka kwa key! Rudia!"

Basi likaondoka bila yeye. Naliaka akarudia, kwa key ileile mbaya.