Kiu ya Pikapu ya Jilo

Kila siku ya soko, Lydia, ambaye wengi walimwita Mama Joy, na mumewe Jilo walipakia ndizi kwenye pikapu yao kuukuu, wakaenda Garsen. Kijijini kwao Kulesa hapakuwa na gari jingine. Mgonjwa akizidiwa, awe Mpokomo au Muorma, watu walikimbilia kwa Jilo.

Lakini gari lile lilikuwa na kiu. Lilikunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, tena likitoa moshi mweusi. Na mwaka ule, baada ya mafuriko ya El Niño kukata barabara, petroli ilikuwa adimu.

Siku moja mama yake Lydia alishikwa na malaria kali. Walipata petroli ya nusu tangi tu, wakashika njia ya hospitali ya Malindi. Kabla ya kufika Gongoni, gari likazima. Tangi lilikuwa kavu! Lydia alimpepea mama yake kwa leso juani, huku akimwomba Mungu. Kwa bahati lori la mahindi lilipita, dereva akawagawia petroli aliyokuwa amebeba kwenye dumu. Mama alipona. Lydia alishukuru, lakini hofu haikumtoka.

Muda si mrefu, chifu aliita baraza mjini Garsen. Diwani akasimama.

"Wananchi, tunaumia! Bei ya petroli lazima ishuke! Nitaipigania!"

Watu wakapiga makofi. Thoya, fundi wa malori ya chakula cha msaada, akainua mkono.

"Ni kweli bei iko juu, Mheshimiwa. Lakini magari yetu pia yanapoteza mafuta bure."

"Wewe unatetea serikali?" diwani akafoka.

"La. Natetea tangi la mwananchi."

Watu wakacheka. Jilo alikunja uso. "Gari langu halivuji hata tone," alisema.

"Halivuji, ndugu yangu, ila linachoma ovyo," Thoya akamjibu. "Filta ya hewa ikijaa vumbi, injini haipumui. Petroli inatoka ikiwa moshi mweusi. Tairi zikikosa upepo, gari linakuwa zito, kama mtu anayetembea topeni. Na ukikanyaga mafuta kwa pupa, ndiyo unazidisha hasara."

Lydia akasimama. Wanawake hawakuzoea kusema barazani, lakini yeye alipaza sauti.

"Mheshimiwa, bei inapangwa mbali. Lakini gereji ya halmashauri iko hapa Garsen. Tufungulie siku za soko, tujaze upepo, tusafishe filta. Hilo unaliweza."

Diwani alijikuna kidevu, kisha akatabasamu. "Mama Joy amesema neno. Bei nitaipigania, na gereji nitaifungua."

Akatimiza. Thoya alisafisha filta, akabadilisha plagi, akarekebisha kabureta na kujaza upepo. Jilo akashusha vyuma vizito alivyokuwa akivibeba bure, akajifunza kuendesha taratibu. Moshi mweusi ukaisha.

Kiangazi kilipofika, Jibril, mfugaji wa Kiorma, alipiga hodi alfajiri. Mkewe Abdia alikuwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Tangi lilikuwa nusu tu. Jilo akamtazama mkewe.

"Twende, Baba Joy," Lydia akasema. "Sasa tutafika."

Wakafika Malindi, na mafuta yakabaki. Abdia alijifungua salama, mtoto wa kike.

Baadaye Jibril alikuja Kulesa na kibuyu cha maziwa.

"Mama Joy, Mungu awalipe kheri."

"Amina. Na amlipe Thoya, na diwani pia," Lydia akajibu, akileta vikombe.

Wakanywa pamoja, huku Jibril akisimulia jinsi binti yake anavyonyonya kwa nguvu.